Waliogombea Umaskini Mezani

Mdogo wangu Rehema,

Hujambo na joto la huko? La huku Guangzhou, China, halikaushi nguo wala mtu.

Juzi mgahawani niliketi na wanaume wawili. Mmoja Mbelgiji, babu zake walihamia Lubumbashi, Kiswahili anakimwaga kama maji. Mwenzake Mturuki mzaliwa wa Ubelgiji, babu yake alikwenda kule kuchimba makaa ya mawe. Wakaanza kubishana ni kwa nani kuna dhiki zaidi.

“Sisi tuliobaki Kongo tumekwisha,” alilia Mbelgiji.

“Afadhali nyie mna mashamba. Sisi hata kazi tunanyimwa,” Mturuki akajibu, mwenzake akinitafsiria.

Na bata wa kuchoma wanamla mpaka mifupa! Machale yakanicheza. Mara wakautazama mfuko wangu wa midoli ya dukani kwetu: “Dada, midoli hii unanunua wapi?”

Nikawaambia Liuhua. Leo nimekwenda huko Liuhua, kwenye soko la viatu, kukutafutia vyako, nikawakuta wote wawili wanatokwa jasho, wanaulizia midoli katikati ya mabuti. Nani tajiri sijui, ila aliyeshiba hahangaiki hivyo.

Nakukumbuka sana, mdogo wangu. Wenye maduka wenzetu wakikuuliza niko wapi, sema Dubai. Mtaa wa midoli siuandiki hapa. Kadi hii haina bahasha, kila anayeishika anaisoma.

Dada yako,
Mwajuma