Kampeni Yangu ya Italia

Ijumaa, 6 Mei 2016

Leo mezani ilikuwa vita. Sir Elie anataka likizo ya Agosti waende Beirut kwa mama yake, kama kila mwaka. Madam Rima anataka Italia! Shambani, kwenye mizabibu, wajifunze kupika, waonje mvinyo, na ndugu zake sir waje hukohuko. Watoto, Tala na Karim, wanataka swimming pool, popote tu. Mimi natoa sahani polepoleee, masikio nimeyatega.

Maana na mimi nina chama changu. Wakienda Beirut naenda nao, napikia ukoo mzima. Wakienda Italia nafunga virago, Bukoba! Madam mwenyewe kasema, kule shamba lina mpishi wake.

Na Agosti hii lazima nifike. Baba alifariki Agosti iliyopita, mimi niko Beirut nakaanga samaki. Sikumzika.

Kwa hiyo — Italia oyee!

Jumapili, 8 Mei

Kampeni imeanza. Madam kanionyesha kwenye tablet vidonge vya viazi, wanaviita nyoki. Nikasema madam, hivi mbona kama vimaandazi vilivyokosa lishe? Akacheka. Nikavipika. Sir alikula mpaka akalamba uma. Nikamwambia, sir, hapa Al Twar, Dubai, vimekuwa hivi, fikiria kwenyewe vilikotoka!

Mchana watoto wakauliza mvinyo unatengenezwaje. Nikawaambia zabibu sijui, ila baba yangu alikuwa anapika rubisi, pombe ya ndizi. Anaziweka ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa mti na majani, anapanda na miguu, anakanyaga huku anaimba. Karim macho yakamtoka. Nimegeuka kidogo tu, naye keshaweka zabibu kwenye beseni, kaingia na soksi! Zulia jeupe la madam — Mungu wangu. Nikajua kazi imeisha, khalas. Madam akaja, akasimama, akapiga picha, akawatumia ndugu zake sir wote.

Kura zinaongezeka.

Jumatano, 11 Mei

Kapiga Pius, mdogo wangu. Ukoo umekaa. Matanga ya baba yataondolewa Jumamosi ya tarehe 20 Agosti. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kuweka jiwe la kwanza la kaburi. Nikamuuliza, nisipokuja? Akasema dada, mama bado analala chini pale sebuleni na kaniki yake. Shambani haendi, kwaya haendi. Mpaka matanga yaondoke.

Nikamwambia niandalie ndizi, nakuja kunenepa.

Ijumaa, 20 Mei

ITALIA! Wamelipia! Nyumba ya mawe kilimani, mizabibu mpaka dirishani, siku ya kupika, siku ya kuonja jibini, siku ya kuonja mvinyo, na siku ya kulala baada ya kuonja. Sir kashindwa. Mama yake kanuna simuni mpaka nimesikia jikoni.

Nimeshuka Deira, madukani, na Joha. Huyu kazi yake nyumba ya jirani, Mzanzibari, mdomo wake hauna break. Nimemnunulia mama blanketi zito, la waridi. Joha kanitazama: "Shoga, weye wafurahi hivi kwani Italia waenda weye?" Nikamwambia mimi ndiye meneja wa kampeni! Tumecheka mpaka mwenye duka, Rafiq, akasema yalla, yalla, nunueni au mtoke.

Alhamisi, 2 Juni

Madam kaniita sebuleni. Wote wamekaa. Tala kashika karatasi kachora ndege, dirishani kuna kichwa cheusi kina kilemba. Madam anapiga makofi. "Surprise, Doris! Unakuja na sisi!" Anasema watoto wamekataa kwenda bila mimi. Anasema ndugu zake sir wanataka waone yule wa nyoki na wa kukanyaga ndizi. Anasema, wewe ni family.

Karim kanirukia shingoni. Nikasema thank you madam.

Nimejipika mwenyewe. Kwa mkono wangu, na chumvi nikaweka.

Ijumaa, 3 Juni

Rashidiya, chumbani kwa Hadijah wa Kampala. Joha hakuweza kufunga mdomo, watu wote wanajua. Vigelegele! Chacha, yule fundi wa mabomba wa Tarime, kaniamkia eti "Shikamoo Mzungu." Hadijah kanivuta pembeni. Eti sista, ukifika kule wewe potea tu, kazi ya kuvuna nyanya ipo, kuna Waganda wengi, watakupokea. Chacha kasema yeye angeanza kupotea tokea airport.

Nikasema mimi sitaki kwenda.

Wakacheka wote. Wakadhani ni utani. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji, hakuna anayekuamini ukiwa serious.

Jumanne, 7 Juni

Mbinu mpya: kupika vibaya! Leo nyoki nimeziacha mpaka zimekuwa uji. Sosi nimetia chumvi ya kuweza kukausha papa. Nikawatazama. Sir kameza, kanywa maji, kanywa maji tena. Tala kasema Doris anaumwa.

Madam kanishika bega. "Umechoka, habibti. Usijali, kule tutasoma darasa la kupika pamoja, mimi na wewe."

Mungu, huyu mwanamke ana moyo mzuri. Hilo ndilo linaniua.

Jumatatu, 13 Juni

Nimesema ukweli. Nimeosha vyombo, nimejifuta mikono, nimekwenda nikasimama mbele yake. Nikamweleza baba, kaburi, mama analala chini mwaka mzima. Kiingereza changu cha darasa la tano kilitoa jasho.

Kasikiliza kweli. Machozi yakamlengalenga. Halafu akasema, "Lakini Doris, baba yako ameshakufa, habibti. Yeye anaweza kusubiri." Niende Oktoba. Tiketi atalipa, na zawadi juu.

Nikasema madam, anayesubiri si baba, ni mama.

Sir alikuwa nyuma, sikumwona. Hakufoka. Amesema taratibu tu: nyumba imelipiwa, watu wazima kumi wote watakuwa kwenye mvinyo, watoto saba wanabaki na nani? Paspoti yangu anayo, iko tayari kwa visa. Kama sitaki, sawa, hanilazimishi. Atakifuta kibali changu cha kazi, nirudi kwetu moja kwa moja. Atatafuta mwingine.

Amesema kama mtu anayebadilisha chaneli.

Sasa hesabu ni hii, haihitaji shule. Nikienda Italia, nabaki na kazi, mama anabaki sakafuni. Nikikataa, nafika kwenye matanga na blanketi langu la waridi, na baada ya hapo nyumba nzima inanitazama mimi mikono mitupu. Mwanangu Henry yuko bweni kwa kazi hii. Dawa za mama, kazi hii.

Jumamosi, 18 Juni

Nimempigia mama. Nimemweleza. Kasema sawa. Nikaeleza tena, kasema sawa. Akauliza huko Italia wanakula nini. Nikamwambia viazi vya kufinyanga. Akacheka kidogo. Nikasikia anajigeuza pale chini, mkeka ukalia.

Pius kachukua simu, katoka nje. Dada, baba mdogo anataka jibu. Wakisogeza mpaka Oktoba, mama anaendelea kulala chini na mvua zinaanza. Wasiposogeza, jiwe lako ataweka mtu mwingine. Useme wewe.

Nikamwambia nitakupa jibu. Utani wowote haukuja. Nimeutafuta, haukuja.

Alhamisi, 23 Juni

Naandikia chooni. Ofisi ya visa. Safi kuliko chumba changu, ningeweza kuhamia.

Tumekuja asubuhi, mimi na madam. Kaninunulia viatu vya kutembelea shambani, kavileta humuhumu kwenye mfuko eti nijaribu kwenye foleni. Vimenitosha. Tumefika dirishani, karani ni dada mmoja ana miwani, sijui wa nchi gani. Kila anachouliza, madam anajibu. Jina, madam. Kazi, madam. Karani akaweka kalamu chini. "Madam, tafadhali, kaa kule. Nataka kumsikia yeye."

Madam akasogea. Akanitikisia kichwa huku anatabasamu, kama anavyomfanyia Karim akitaka aseme asante.

Karani akaniuliza: unakwenda kwa kutaka mwenyewe?

Mwaka wa nne huu Dubai. Nimeulizwa kama najua kupiga pasi, kama nina mimba, kama naogopa mbwa. Hilo sijawahi kuulizwa. Nikasema samahani, naomba kwenda chooni kwanza. Akasema haraka, kuna watu.

Simu imelia mara mbili. Pius. Ukoo umekaa sasa hivi, wanasubiri.

Nimesimama mbele ya kioo, nimejaribu. No. Nikajaribu na Kiarabu. La. Na kwa Kiswahili, kwa sauti kabisa: Hapana, siendi. Limetoka vizuri! Dada mmoja aliyekuwa ananawa mikono amegeuka, kaniangalia, katoka mbio.

Nikarudi huku ndani nikajifungia.

Madam huyo mlangoni. Anagonga na kidole kimoja, taratibu. "Doris? Uko sawa, habibti? Yalla, anatusubiri."

"Yes, madam! Coming, madam!"

Hata sikufikiri. Mdomo huu, jamani! Umezoea, unajibu kabla yangu.

Bado sijafungua. Viatu vyake naviona chini ya mlango. Hajaondoka.