Kifaranga Kwenye Propela

Alhamisi, 30 Mei

Gari la kliniki limerudi kutoka mlimani linagonga. Ko! Nimelisikia kabla halijamaliza kuingia getini, na mimi nilikuwa ndani kabisa, nimeinamia breki za gari jingine. Sikuhitaji hata kuinua kichwa. Ko moja dereva akiweka rivasi. Ko moja akiweka namba moja. Katikati hapo, kimya.

Dereva wake tunamwita Taratibu, kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kumpita mtu barabarani. Ameshuka mnyonge. Ati nyuma kunabomoka. Nikamwambia, kaka, anayebomoka ni wewe, gari lina ko tu.

Bosi akatoka ofisini, miwani kwenye paji la uso. Akatoa hukumu papo hapo: difu, lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma. Ifunguliwe, siku mbili, labda tatu. Nikasema si difu. Difu ikichoka haigongi hivi, inanguruma, inakwenda nawe njia nzima kama mtu mwenye kinyongo. Hii inagonga pale tu gari linapobadilisha nia. Bosi akacheka. "Sikio halizidi kichwa, mama." Kichwa ni yeye, na Sikio ndilo jina langu hapa karakana, mwaka wa kumi na tisa huu. Sikupewa zawadi. Nimelifanyia kazi.

Mdogo wangu naye alishuka, sanduku la chanjo begani. Yeye ndiye nesi wa gari hilo kila Alhamisi. Leo wamepima akina mama arobaini na mmoja. Akaniambia, dada, kwenye ule mteremko wa mawe nilishika kiti kwa mikono miwili. Nimemwahidi wiki ijayo atashuka mteremko huo amelala usingizi.

Na wiki ijayo lazima liende. Hakuna gari jingine linaloweza kupanda kule.

Ijumaa, 31 Mei

Nani alisema? Mimi nilisema!

Kwanza nimetoa oili kidogo kwenye difu, nikaisugua kwa vidole. Safi. Hakuna unga wa chuma hata chembe. Nikamwonyesha bosi. Akanusa vidole vyangu! Sijui alitarajia kukuta harufu gani.

Halafu nikazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, nikalala ubavu karibu na gurudumu la nyuma, nikamwambia Taratibu: weka rivasi, achia klachi nusu. Sasa namba moja, nusu. Rivasi tena. Nikaiona kwa macho yangu — ekseli inajipinda, springi inaruka juu yake upana wa kucha. Ko! Zile bolti za U zinazofunga springi kwenye ekseli zimelegea upande wa kushoto. Na bushi ya springi, ule mpira wake wa ndani, imeliwa mpaka imebaki ngozi tu. Kugonga kote huko, ni kama mlango wa nyumba usio na komeo.

Saa tano kazi imekwisha. Nimeendesha mwenyewe, mizunguko mitatu ya uwanja, kisha mpaka barabara kuu na kurudi. Rivasi, namba moja, rivasi. Hakuna. Nikashuka nikasema: "Sisikii kitu."

Hapa kwetu hayo ndiyo maneno. Fundi akishasema sisikii kitu, anaweka alama kwenye fomu — Sauti: ipo / haipo — anasaini, gari linakwenda zake. Nimeweka alama kwenye haipo kwa mkono mzito, karatasi ikatoboka kidogo.

Bosi amenisifu mbele ya watu. Amesema kuanzia mwezi ujao magari yote yatajaribiwa na mimi, hakuna litakalotoka hapa bila sikio langu. Mgema akisifiwa, najua, najua! Lakini leo nimefurahi na sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumatatu, 3 Juni

Taratibu kaja na jipya. Ati nyuma kuna kifaranga. Akienda polepole (na lini alikwenda vinginevyo?) kuna kitu kinalia kwi, kwi, kwi. Akiongeza mwendo kinapotea.

Nikapanda naye. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Ananyoosha kidole juu. "Hicho!" Kipi? "Hicho, dada, hicho!" Nikamwambia, kaka, kama unafuga kuku humu tuambie mapema, tulete mahindi. Alicheka kwa adabu tu.

Sisikii kitu. Nimemwambia hivyo mara mbili.

Nikaingia chini hata hivyo, nisije kusemwa. Bolti zote nimezikaza upya. Propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma, iko mahali pake, na krosi zake mbili, vile viungo vya msalaba, kimoja nyuma kwenye difu na kimoja mbele kwenye gia boksi, nimezigusa. Nimezigusa tu, kwa vidole vya kupita. Kama zingekuwa na shida ningeshazisikia.

Jumanne, 4 Juni

Leo Taratibu amemleta mlinzi wa getini asikilize. Mlinzi! Mtu asiyejua propela ni ya gari au ya ndege. Kasimama uwanjani na rungu lake kwapani, gari likapita polepole mbele yake, akasema naam, kwi, kwi, kama mlango wa kabati la bibi yake. Nimekasirika. Taratibu akanong'ona kitu. Nikamwambia sema kwa sauti. Akasema: sikio la kufa halisikii dawa.

Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka, kwa meno.

Jumatano, 5 Juni

Nianze asubuhi, maana siku yote imetokana na asubuhi.

Saa moja kamili, chai iko mezani. Mume wangu ni fundi pia, wa cherehani, na alikuwa ameshaanza kutarizi ukosi wa mtu. Ghafla akaacha sindano, akabonyeza saa yake ya mkononi. Nikamwuliza unafanya nini. Naizima. Unazima nini? Si inalia, mke wangu.

Nikacheka. Saa hiyo ilikufa siku nyingi! Zamani ilikuwa inalia kila saa kamili, mpaka nilikuwa naichukia. Halafu ikaacha.

Akanitazama. "Haijawahi kuacha."

Nikamwambia iwashe. Akaiwasha, akaiweka kwenye sikio langu la kushoto. Niliona kidole chake kinabonyeza. Niliona namba zinawaka. Hakuna. Akaiweka kulia — kitu chembamba sana, mbali, ningeapa ni mbu wa chumba cha jirani. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema nilidhani umeizoea.

Nimeogopa. Nimefikiria kuandika neno jingine lakini ni hilo.

Njiani nikapiga hesabu. Ko ni nzito, ko naisikia hata usingizini. Mtu akiongea namsikia. Lakini kitu chembamba, kitu cha juu, hicho kimeondoka na wala hakikuaga. Miaka kumi na tisa ya nyundo, na grainda ya kukatia vyuma iko kushoto kwa meza yangu. Na krosi iliyokauka grisi hulia vipi? Hulia kwi! Fundi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Hulia mwendo mdogo, mwendo ukiongezeka inapotea, kama alivyosema Taratibu neno kwa neno, nami nikamwambia alete mahindi. Ikiachwa, sindano zake za ndani, vile vyuma vyembamba vya beringi, zinasagika, siku moja msalaba unakatika na propela inaanguka. Kwenye tambarare utaegesha kando na kutukana. Kwenye ule mteremko wa mawe itakata na bomba la breki ikishuka, na mdogo wangu yuko kiti cha mbele, na fomu ina saini yangu.

Nimefika kabla ya wenzangu, nikaingia chini. Safari hii sikugusa, nilishika. Mikono miwili, nikaizungusha propela huku na huku, macho nimefumba. Krosi ya nyuma ikacheza. Kidogo mno, kiasi cha unywele, lakini kifundo cha mkono kiliipata. Na pembeni ya vikombe vyake kutu nyekundu imetapakaa, poda kabisa. Jumatatu ilikuwa hapo hapo, mbele ya pua yangu!

Nikachora mstari wa chaki ili shafti irudi ilivyokuwa, nikaitoa, nikaweka krosi mpya, grisi mpaka ikafurika. Imenichukua saa moja na nusu. Kazi safi, hakuna fundi hapa angeifanya vizuri zaidi. Krosi ya mbele nayo nikaishika hivyo hivyo. Haichezi. Imara. Nikaiacha.

Bosi alipita, akauliza vipi tena. Nikasema nakagua zile bolti. Uongo mdogo, lakini uongo. Krosi ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku langu la spana.

Taratibu hakuwepo, alitumwa kuchukua barafu na vifaa. Tutalijaribu kesho kabla ya safari. Sina wasiwasi. Mkono nao unasikia. Mafundi wangapi wanatazama kwa mikono tu! Nitakuwa nashika kila kitu, nitakuwa mwangalifu mara mbili, na hakuna haja ya kumwambia mtu. Mume wangu amesema nimwambie bosi. Nimemwambia ashone.

Alhamisi, 6 Juni

Niko ndani ya gari, katikati ya geti. Nusu ndani, nusu nje. Fomu iko juu ya daftari, kwa hiyo mdogo wangu anadhani naijaza.

Saa kumi na mbili na nusu gari lilikuwa limeshapakiwa, masanduku ya chanjo, mizani ya watoto, mahema. Taratibu kwenye usukani, mdogo wangu katikati, mimi mlangoni. Tukazunguka uwanja mara moja, polepole. Taratibu akatabasamu. Nyuma kimya, dada! Kifaranga kimeondoka! Nikajiona mkubwa, sitaficha. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha kalamu.

Tulipokata kona ya tangi la maji akakunja uso. Akainamisha kichwa. Mdogo wangu naye akainamisha, upande ule ule, wakati ule ule. Mdogo wangu akasema kiko huku mbele sasa, chini ya miguu yetu. Kumbe vilikuwa viwili, na hiki cha mbele kilikuwa kimefunikwa na mwenzake. Krosi ya mbele. Ile niliyoishika jana na kuiita imara.

Na mimi nikainamisha kichwa! Aibu gani hii. Niliinamisha kama wao, nikakunja uso kama wao. Nimesikia injini, changarawe chini ya matairi, mfuniko wa sanduku unaotikisika, na mapigo ya moyo wangu. Mdogo wangu akauliza, "Dada, unasikia?"

Nikasema, "Sisikii kitu."

Naapa nilikuwa nasema kweli. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa nasema kweli tupu, nilitaka waelewe kwamba shida ni sikio langu, nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno yanayofuata. Lakini Taratibu akashusha pumzi. "Haya basi. Sikio kasema." Akakata kuelekea getini. Mlinzi akafungua. Na mdogo wangu akavuta mkanda wake, akaufunga. Alikuwa ameisikia sekunde tano zilizopita kwa masikio yake mawili mazima, amenionyesha mpaka na mahali, lakini akafunga mkanda kwa sababu mimi nimesema.

Nikanyoosha mkono, nikazima gari. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Taratibu amenitazama, ameshuka kwenda kumwita bosi. Mlinzi ameshika geti, hajui afunge au aache. Mdogo wangu ameniuliza mara mbili kuna nini. Nimemwambia ngoja nijaze.

Sauti: ipo. Nimeweka alama. Mstari wa chini unasema: Aliyesikia. Hapo miaka yote naandika jina langu bila hata kuangalia. Leo nimeandika "dereva". Nikaongeza "na nesi". Bado kuna nafasi kubwa tu.

Bosi anakuja. Miwani ameshaishusha puani, maana yake atasoma kila neno. Atafika kwenye mstari huo ataniuliza, na wewe je?