Maji ya Gatini

Jumatatu, 3 Machi 1975

Na leo tena sikufika kule kwenye mawe ninakotakiwa kuteka maji. Nimeteka gatini, palepale boti zinapofungwa. Maji yalikuwa meupe, mchanga unauona chini. Nikajiambia maji ni maji. Nimebadilisha maji ya pipa safi la kambare, nimefagia maabara, nikakaa. Daktari alipoingia nikamwamkia. Akauliza kama kila siku, maji ya wapi? Nikasema ya mawe. Uongo umeshakuwa mwepesi mdomoni.

Mawe si mbali. Tatizo ni wanawake. Asubuhi wanaoga pale. Mwanaume akitaka kushuka anapiga hodi kutoka juu, anasubiri wajifunge kanga, wakiitika ndiyo anashuka. Mimi siku ile nilipiga hodi sauti ikakatika katikati. Wakacheka sana. Mmoja akapaza sauti: "Kijana wa ndoo huyo! Shuka, baba, uje unisugue mgongo, mume wangu kasafiri!" Nikarudi na ndoo tupu. Tangu hapo ni gatini tu.

Mwanaume mzima.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amepasua kambare. Mimi nilishika barafu. Ini linasagwa likiwa baridi, linazungushwa kwenye mashine, ule uzito unakaa chini, juu yanabaki maji mekundu. Hayo ndiyo anayataka. Anayatia mafuta kidogo sana, anayaweka kwenye uvuguvugu, halafu mashine nyingine inasoma mafuta yamegeuzwa kiasi gani.

Nilimwuliza Kulwa, mwenzangu wa mapipa, maana yake nini. Daktari akasikia, akanieleza mwenyewe. Mama huyu ni mtu wa Bukoba, msomi, lakini hana dharau. Anasema mafuta hayachanganyiki na maji, ndiyo maana yakiingia mwilini yanang'ang'ania. Ini linayageuza yakubali maji, yatoke na nyongo na mkojo. Ini ambalo halijaonja mafuta lina vibarua wachache. Likionja, linaita vibarua wengi. Kwa hiyo kambare wa pipa la mafuta ya taa, ini lao lifanye kazi mbio. Wale wa pipa safi, polepole. Tofauti hiyo ndiyo anayoitafuta.

Nilielewa. Gatini boti zikiwashwa maji yanatoa rangi kama shingo ya njiwa. Nimeiona mara nyingi. Sikutaka kuifikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Limetokea. Maini ya pipa safi yanakimbia karibu sawa na yale ya mafuta. Daktari amerudia. Sawa tu. Karudia tena. Alikaa kwenye stuli ameshika kichwa. Kazi ya mwaka mzima, anasema. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu.

Akauliza nani anagusa pipa safi. Nikasema mimi na Kulwa.

Kwa nini nilimtaja Kulwa? Yeye ananisaidia kuliinamisha tu. Pipa lake ni lile la mafuta ya taa. Ndiye aliyenifundisha kushika kambare nisichomwe na mwiba. Ananiita mdogo wangu. Lilitoka tu mdomoni, na lilipotoka nikaona afadhali, tuko wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Karani wa stoo anasema ni Kulwa. Eti kaja kazini na gongo kichwani, kachanganya ndoo. Kila mtu anajua Kulwa anakunywa, kwa hiyo wameamini haraka. Mwenyewe amecheka. "Mimi nikilewa namsahau mke wangu, lakini ndoo ya mafuta ya taa? Pua yangu nayo imelewa?" Watu wakacheka naye. Mimi pia. Najichukia kwa kicheko kile.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano wa wafanyakazi. Ndugu Kulwa asimame. Akasimama, kashika kofia. Sasa hakuna anayecheka. Karani kaongeza jingine, kwamba mafuta ya taa hayapatikani mjini, labda ndugu huyu anauza ya maabara halafu anajazia maji, na ndoo zikachanganyika hapo. Watu wakaguna. Kulwa kageuka, kanitafuta kwa macho. "Mdogo wangu, tunashinda wote. Sema. Umewahi kuniona nimelewa kazini? Umeniona nabeba mafuta?"

Niliangalia miguu yangu. Kidole gumba kina matope. Niliangalia hayo matope mpaka mtu mwingine akasema tuendelee.

Wamemsimamisha kazi. Amechukua koti lake, ameondoka kwenda kwao Kisesa. Aliponipita alisema, "Haya." Basi.

Jumanne, 11 Machi

Sijala. Dada kauliza kama naumwa. Nimesema tumbo. Kanipa uji, nimemwaga.

Maji nimeteka gatini tena. Hata leo. Hata baada ya hayo yote.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Daktari. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akasema, Masatu, ingia au toka. Nikasema maji si ya mawe. Akauliza tangu lini. Tangu mvua zianze. Akauliza kwa nini. Ningesema uvivu, uvivu ungekuwa na heshima zaidi. Nikasema kwa sababu ya wanawake wanaooga.

Aliniangalia. "Mwaka wangu mzima, Masatu. Kwa sababu ya kanga?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akavua miwani, akajifuta macho. Sijui kama ni hasira au nini. Halafu akasema polepole, "Na Kulwa ukamwacha asimame pale."

Hilo la kazi yake nilikuwa nimejiandaa kulisikia. Hili la Kulwa sikuwa nimejiandaa.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari alikwenda gatini mwenyewe na chupa. Anasema maini yalikuwa sahihi. Yaliita vibarua kwa sababu mafuta yalikuwemo kweli, kidogokidogo, kila siku, na sisi huku tunayaita maji safi. Ataanza upya. Nilitaka kufurahi. Akaniona. "Usifikiri umenisaidia." Mimi nitaosha chupa mpaka mwisho wa mwezi, halafu wataamua. Ni haki.

Ya Kulwa ndiyo mabaya. Yule karani kwao ni Kisesa pia, habari ilifika kabla ya Kulwa. Dereva anasema kule kijijini amekataliwa mafuta ya taa dukani. Alipanga foleni na chupa yake, ilipofika zamu yake wakamwambia wewe si unayo yako? Mbele ya watoto wake. Usiku wanakaa gizani. Wanamwita mwizi wa taa.

Daktari kasema gari litamfuata Jumatatu arudi kazini. Halafu kaniuliza, na wewe unasubiri gari?

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi shwari. Ziwa limetulia. Dada amepasha kiporo, nimekula chote.

Nilipanga kwenda Kisesa jioni, nimkute nyumbani kwake, tukae wawili, niseme taratibu. Nimelifikiria vizuri. Hiyo ni kwa raha yangu. Yeye atasamehe, nitarudi mjini, na dukani wataendelea kumwambia anayo yake.

Jumamosi kijiji kizima kiko kwenye shamba la ujamaa, wanapalilia pamba. Mwenyekiti yuko, mwenye duka yuko, watu wote. Huko ndiko nitakakosema. Sijui kama sauti itatoka.

Lazima niondoke sasa. Nikichelewa, jua likiwa kali wanatawanyika, kila mtu anarudi kwake, nami nitamkuta Kulwa peke yake.