Saini ya Mkaguzi

3 Mei

Shikamoo baba,
Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila nyayo zinawaka moto kwa kuzunguka. Nimepandishwa cheo: sasa mimi ndiye mkaguzi wa ubora wa kampuni yetu ya lifti. Bosi mpya ameleta fomu za ukaguzi, na kila fundi anahudumia lifti tisa kwa siku. Zamani zilikuwa nne. Wateja wanatusifu. Cheti cha ubora kimetundikwa mapokezi.
Mwanao

12 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Magoti yananikumbusha umri, mengine salama. Hongera, nimewatambia majirani mpaka wamenichoka. Ila nimetengeneza lifti miaka thelathini, na hizo tisa zimeninyima raha. Breki peke yake hula saa nzima. Hebu panda na fundi ujionee.
Baba yako

27 Mei

Shikamoo baba,
Umelala salama? Nilipanda na fundi kwenye jengo la ofisi, ghorofa kumi na moja. Alitia alama ya vema penye "breki" kwenye fomu tukiwa bado tunapanda. Chumba cha mashine, breki iliko, hakukifungua kabisa. Kufika juu, lifti ikashtuka kama mtu aliyekosea ngazi. Nikamweleza bosi. Akasema, "Fomu imejaa, mteja karidhika. Ubora gani tena unautafuta?" Fomu iko mezani kwangu, inasubiri saini. Nifanyeje?
Mwanao

2 Juni

Mwanangu,
Afya yangu tuiache kwanza. Kushtuka huko ni breki inayokwisha. Usisaini. Waambie waifunge hiyo lifti, hata wakikufukuza. Chumba chako hapa kipo.
Baba yako

14 Juni

Shikamoo baba,
Natumai hujambo. Barua yako ilinikuta nimeshasaini. Niliona aibu kurudi nyumbani bila kazi.

Alhamisi lifti ile iliporomoka ghorofa tatu. Ndani alikuwemo mama anayefanya usafi pale. Miguu yake yote miwili imevunjika. Nilikwenda wodini kumwona, akanishukuru sana kwa kumtembelea. Hajui mimi ni nani.

Wachunguzi wameichukua fomu. Bosi anasema haina dosari hata moja. Anataka niseme tu kwamba breki niliikagua mwenyewe, eti kampuni itanilinda. Kesho saa tatu asubuhi naingia kwa wachunguzi. Nitawaambia sikuikagua.

Usipande basi kuja, baba, mpaka ujue nitakuwa wapi.
Mwanao