Nyekundu Siioni

Ifakara, Jumanne. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Maabara yetu inafuga mbu waliopandikizwa protini inayong'aa nyekundu chini ya taa maalumu. Kazi yangu ni kuihakiki kwa kingamwili, kimiminika kinachoinasa protini hiyo peke yake: nailoweka karatasi yenye sampuli ya mbu kwenye kingamwili, na penye protini ile unatokea mstari mweusi. Mweusi nauona vizuri.

Nyekundu siioni.

Sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa mdogo kule kijijini Mofu nilikuwa nachuma nyanya mbichi, mama akadhani ni uvivu. Hapa kazini nimejificha nyuma ya kingamwili miaka miwili.

Wiki iliyopita mwenzangu Neema alikwenda msibani Mlimba, nikaachiwa viluwiluwi wake niwatenganishe: wanaong'aa huku, wasiong'aa kule. Nilichungulia kwenye hadubini yenye taa ile, nikabahatisha.

Leo mstari mweusi umetokea hata kwa mbu waliotakiwa kuwa safi, wasio na protini ile.

Dokta Asteria, mkuu wetu, aliipeleka karatasi dirishani akaitazama. "Kingamwili hii imeharibika, inanasa kila kitu. Tuwarudishie waliotuuzia."

Neema akaafiki. Ningenyamaza, yangeishia hapo. Nilitoka nikanawa uso, nikarudi.

"Samahani, Dokta. Kingamwili ni nzima. Mimi ndiye niliyewachanganya mbu. Rangi nyekundu siioni."

Neema aliweka kalamu chini. "Huioni vipi? Hata taa ya nyuma ya bodaboda?"

"Naiona inawaka kwa kuwa ni kali, rangi yake ndiyo siijui. Mng'ao hafifu wa viluwiluwi siuoni kabisa."

Dokta aliirudisha karatasi mezani. Kisha akasema hadubini ile nisiiguse tena, ila kazi ya kingamwili niendelee nayo. "Ungesema siku ya kwanza, mwanangu, tungekupangia." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kizazi kizima cha mbu wa Neema kitauawa kesho asubuhi, aanze upya. Hakunilaumu. Alichukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga, yeye ambaye kila siku hunisubiri tutoke pamoja.

Nimeogopa miaka yote hii kufukuzwa kazi. Sikujua kwamba nitakachokiogopa zaidi ni uso wa Neema.

Kesho nitafika kabla yake, nimwombe radhi palepale kwenye vizimba. Mbu wale wakiuawa nataka niwepo.

Sijui kama atakubali nimsaidie kubeba hata kizimba kimoja.