Mume Wangu Anatafutia Makochi Nyumba

Mshauri mpendwa, nina shida naomba unisaidie, ila tafadhali usiniambie nivumilie, kuvumilia nimevumilia mpaka basi. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alikuwa msimamizi kiwandani, siku hizi ni mlinzi pale pale getini, tuna watoto wawili, na mwenye nyumba ametutaka tuhame mwisho wa mwezi huu kwa sababu mwanawe anaoa na anahitaji pa kukaa, sina ugomvi naye, nyumba ni yake. Ugomvi wangu ni makochi. Mume wangu aliyanunua enzi za usimamizi, seti nzima, mapana kama vitanda, na mimi mwenyewe nikayashonea vitambaa vya maua, yakajaza sebule yote, na mpaka leo hayajatolewa nailoni, watoto hawaruhusiwi kuyakalia, binti yetu anafanyia kazi za shule sakafuni jikoni, makochi yanasubiri wageni, na wageni wenyewe ni kaka zake mume wangu ambao hata soda hawamalizi.

Sasa kila nyumba tunayoonyeshwa anachukua futi yangu ya kushonea, anapima mlango, anapima sebule, haulizi maji yanatoka au hayatoki, haulizi shule iko wapi, anakunja futi anasema haifai, mpaka dalali akituona anajifanya anaongea na simu. Wiki iliyopita tukapata nyumba ya vyumba viwili na kasebule, bomba liko ndani, shule ni hapo kwa hapo, na chumba cha mbele kina dirisha kubwa, nikiweka cherehani pale sipangi tena kibaraza cha watu. Mume wangu akapima mlango, akasema, "Makochi hayapiti."

Binti yetu akamjibu, "Baba, sisi tunapita."

Akafokewa mpaka akalia, na mimi nikasema moyoni potelea mbali, kesho yake nikaenda peke yangu nikalipa kodi kwa hela yangu ya cherehani, ufunguo ninao, yeye hajui. Wifi yangu niliyemdokezea anasema mke hachagui nyumba, eti nimemvua mume wangu nguo mbele za watu. Mimi sijutii, na nikiambiwa nirudishe ufunguo sirudishi. Ninachouliza ni kimoja, nihame na wanangu kimyakimya yeye akiwa kazini, akirudi akute makochi yake peke yake?

Fundi Niliyechoka

Fundi, pole, na hongera pia. Nyumba yenye maji ndani na shule karibu haipatikani kila siku. Ufunguo usirudishe. Wifi aseme atakavyo, si mwanawe anayeandika sakafuni.

Ila usinifanye mjinga. Vitambaa vya maua nani alikutuma? Wageni walipoyasifu makochi, ulinuna? Fahari hiyo mmeilea wawili, leo unataka lawama azibebe mmoja. Mumeo anaogopa kaka zake, waliomzoea akiwa msimamizi, wamkute mlinzi kwenye kasebule. Aibu inauma, namwelewa kabisa. Lakini aibu ya mtu mzima haipewi sebule wakati watoto wako jikoni.

Na kuhama kimyakimya, kwani wewe mwizi? Umelipa kwa jasho lako. Halafu umemwambia wifi kabla ya mume! Unadhani habari hiyo italala? Mwambie leo, kabla hajaambiwa. Chana hiyo nailoni, kaeni wote wanne juu ya makochi, umwambie umeshalipa na Jumamosi mnahama. Kwa kumficha, muombe radhi mara moja, inatosha. Kwa nyumba yenyewe usiombe radhi hata kidogo. Makochi ni yake, ayauze, ayapeleke kwa kaka yake, ayafunike turubai, shauri yake, wewe usimpe wazo hata moja. Atafoka. Mwache afoke, wewe endelea kufungasha vyombo.

Chonga ufunguo wa pili umpe mkononi, watoto wakiona, ajue kule pia ni kwake. Jumamosi gari lipakie vitanda vya watoto kwanza, kisha cherehani. Akipanda, sogeeni apate pa kukaa. Asipopanda, mwambie dereva aondoe gari.