Timu Yako Nimempa Gatera

Baba Mutesi, mume wangu,

Huko uliko sijui kama barua zinafika, lakini wewe unanijia bila kubisha hodi, basi na mimi naja hivyohivyo. Mimi nasema, Keza mjukuu wako anaandika. Nimemwambia andika ninavyosema, usinipambe. Kalamu ni yake, mdomo ni wangu. Na mtu mwingine akiisoma aisome tu, sina cha kuficha. Wewe ndiye uliyekuwa unaficha, na huko tutafika.

Nilikuwa nakuota ndoto moja tu, ileile. Ukungu umejaa bondeni, huku Ndera hauoni mgomba, kule Masoro viwanda na maghala yote yamezama. Kimebaki kilima kimoja, na juu yake uwanja wako kama mkeka ulioanikwa. Umesimama pembeni ya mstari wa chokaa, umenipa mgongo, kofia yako ya sufu imeshuka hadi masikioni. Mimi nimebeba sufuria ya uji. Nakuita, hugeuki. Nakuita kwa jina lako lile nisilokuitaga mbele za watu, bado hugeuki. Unatazama vijana wanaokimbia ndani ya ukungu, na mimi siwaoni, nasikia miguu tu. Halafu uji unapoa mikononi mwangu, naamka.

Nikawa nasema, huyu mzee ananinunia. Nimemkosea nini?

Unakumbuka ule uwanja haukuwa uwanja? Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Karagwe na vijiko vyetu na Kiswahili chetu, watu wanatucheka tukiomba chumvi. Chuo kikakupa kazi ya kuwachezesha wanafunzi mpira, nawe ukaja kuniambia kwa furaha kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nikauliza, uwanja uko wapi? Ukanionyesha mteremko na mbuzi wa watu. Kila umuganda, siku ya kazi za pamoja, wengine wakifagia barabara, wewe na vijana wako mlikata kile kilima kwa majembe, mkibeba udongo wa juu kuuweka chini, mpaka mpira ukaacha kujiviringisha wenyewe kwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa napanda na uji wa mtama. Hapo ndipo walipoanza kuniita Mukecuru, bibi kizee, na mimi wakati huo hata mvi sikuwa nazo, wajinga wale.

Nawe ukapindua kreti ya soda, ukakaa. Ukaikalia mpaka ukazeeka juu yake. Kikombe chako cha kijani, kile kilichomeguka mdomo, unakipokea, unapiga funda, unakunja uso: "Hauna sukari." Kila asubuhi! Na kikombe kinarudi kitupu.

Na Gatera je? Kocha wa chuo cha ng'ambo ya bonde. Jina hilo lilikuwa linaingia nyumbani kabla yako. Mkifungwa naye nilikuwa nakusikia tangu kwenye migomba: "Yule jini! Yule jini amefanya tena!" Nami naweka mwiko chini. Nasema, yule mwenye miguu ya korongo? Unasema, huyohuyo. Nasema, mwizi wa makipa yule, mwenye shingo kama ya jogoo aliyenyonyolewa? Unasema, endelea mama, endelea. Naendelea mpaka sufuria zinalia ukutani. Nawe unakula, unakula, unaongeza. Mimi yule mtu sikuwahi hata kuzungumza naye. Nilimchukia kwa sababu ulimchukia, na nilimchukia vizuri, kazi safi.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada ya wewe kulala.

Chuo kilileta kocha mwingine, kijana mwenye adabu zake. Hakuna aliyemwambia kitu. Alishuka kwenye pikipiki, akaenda moja kwa moja uwanjani, hapa nyumbani hakupita hata kusema pole. Akaona kreti, akaikalia. Basi. Vijana wako walikimbia siku ile kama watu wanaosindikiza jeneza. Kesho yake hivyohivyo. Hakumaliza hata wiki, alimwambia mkuu wa chuo, "Siwezi kufundisha timu inayonitazama kama mwizi." Nilimwonea huruma. Kreti ilikuwa pale, na mtu amechoka anakaa.

Ndipo mkuu wa chuo alipokuja mwenyewe, yule mama mrefu. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani.

"Mukecuru, ligi inakaribia. Tukikosa kocha, timu tunaiondoa. Na vijana wanasema hawakimbii mpaka wewe useme."

"Niseme nini? Mpira wenyewe nilikuwa nauona kwa mgongo, nageuza uji."

"Kuna mtu yuko tayari. Chuo chake kimeivunja timu yao, amebaki hana kazi." Akaviangalia viatu vyake mlangoni. "Ni Gatera."

Nikacheka mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia, mama, mleteni shetani, nitampikia uji na sukari nitamtilia. Gatera, hapana. Akavaa viatu vyake, akaenda.

Kesho yake akaja Shema, nahodha wako, yule uliyekuwa ukisema ana mapafu mawili kila upande. Akakaa jikoni, magoti yamefika masikioni.

"Mukecuru, huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni."

"Najua."

"Timu ikiondolewa, mimi nimemaliza. Wale wadogo nao watatawanyika. Uwanjani watarudi mbuzi."

"Shema, Muzehe angesikia nimempa Gatera timu yake, angefufuka anichape."

"Muzehe angefanya nini?"

Nikampa uji. Akanywa nusu, kikombe akakiweka chini. Baba Mutesi, yule kijana tangu nimjue hajaacha uji hata wa kulamba! Nikakitazama kile kikombe. Nikasema, sawa, mwambieni aje. Lakini aje kuomba. Aje kama binti anavyoombwa, na msemaji, na pombe ya urwagwa, akae chini asikie maneno. Nakwambia ukweli, nilisema hivyo ili ashindwe. Mtu mzima na heshima zake, atakubali kuja kuomba timu kwa bibi asiyejua kusoma?

Akaja.

Jumapili baada ya misa, jua kali, amevaa koti. Nyuma yake dumu la pombe ya ndizi, na msemaji wake, mzee mmoja muuza viatu wa Muhima, mdomo kama redio. Vijana wote wamejaa uani, majirani wamejaa nje ya ua. Walitafuta mwanamume wa kuwa msemaji wa upande wetu. Nikasema msemaji wa nyumba hii ni mimi, asiyetaka aende kula kwao.

Mzee wa viatu akaanza: "Wenye nyumba, sisi ni wapita njia. Jua limetuchosha, tunaomba maji."

"Mto uko bondeni. Kunyweni na ng'ombe."

Watu kicheko. Yeye hatikisiki.

"Tumesikia nyumba hii ina binti."

"Mabinti zangu wameolewa wote. Mmoja ananipigia simu kila siku kulalamika, mchukueni huyo."

Mutesi alikuwa pale, akajifunika uso.

"Binti tunayemtaka sisi," akasema, "ana miguu ishirini na miwili."

"Basi huyo ni jongoo. Katafuteni chini ya mawe."

Hapo hata mkuu wa chuo alishindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Nikaendelea. Nikauliza, na bwana harusi ndiye huyu? Mbona ana miguu ya korongo, binti yetu amezoea mtu anayekanyaga ardhi. Na si huyu aliyetuibia kipa? Mzee wa viatu akainamisha kichwa kama desturi inavyotaka: tumekosa, tunatubu, kipa alikuwa na njaa, tukamlisha viazi, akasahau njia ya kwao. Nawe unajua mchezo huu, unamsema mgeni vibaya, anakubali kila kitu, pombe inafunguliwa, mambo yanakwisha.

Lakini mchezo ukaniishia mdomoni. Nilimwangalia yule mtu kwenye benchi langu na koti lake, jasho linamtoka, nikaona uwanja wako mtupu, na ukungu. Nikasimama.

Nikasema, "Gatera, hapa sichezi. Mume wangu alikuchukia. Na mimi nimekuchukia pamoja naye, sikupumzika hata Jumapili. Unanitaka nikupe timu yake, halafu nikilala nimwambie nini?"

Mposaji hasemi, unajua, anasemewa. Mzee wa viatu alikuwa anatafuta maneno, lakini Gatera akamshika bega, akasimama mwenyewe. Akavua kofia.

"Mama, hakunichukia."

"Unamjua kuliko mimi?"

"La. Lakini kila baada ya mechi tulikuwa tunashuka pamoja mpaka Muhima, kuna kibanda cha chai pale nyuma ya maduka. Aliyeshinda ndiye anayenunua. Tulikaa mpaka maandazi yanakwisha."

Nikasema mwongo wewe. Nilianza kumtukana, na yeye akatabasamu, si kwa ubaya, akasema, "Aliniambia ukikasirika sana Kinyarwanda kinakukimbia, unageukia Kiswahili cha Karagwe."

Nikasikiliza mdomo wangu. Kweli, nilikuwa namtukana kwa Kiswahili.

"Alinisimulia uji wako," akasema. "Alisema hajaona uji mwingine duniani."

"Kwangu alisema hauna sukari!"

"Nilimuuliza siku moja, mzee, kwa nini humwambii mkeo kwamba sisi ni marafiki? Akasema, Gatera, usiniharibie nyumba. Nikifika nimefungwa, yule mwanamke anakasirika upande wangu mpaka sufuria zinalia. Sijawahi kuwa na mtu wa kunikasirikia hivyo, tangu utoto wangu wa ukimbizini. Nikimwambia wewe ni rafiki, nitabaki nimefungwa tu."

Baba Mutesi!

Nilikaa. Sijui nilikaaje, Keza anasema alinishika mkono. Miaka yote ile nimemchukia mtu wa watu, nimemwombea kuhara siku za mechi, na wewe unatoka kunywa chai naye, unafuta makombo ya maandazi mdomoni, unafika kwenye migomba unaanza: "Yule jini!" Ungekuwa hai siku ile ningekupiga na mwiko. Kisha ningekupakulia tena. Maana nilikuwa sijui. Nilidhani nakupa chakula, kumbe hasira zangu ndizo ulizokuwa unazirudia nyumbani. Uliondokewa na mama yako ukiwa mdogo mno, sikuwahi kuona unalia, nikasema huyu ana moyo mgumu. Si moyo mgumu. Ulikuwa unatafuta mtu wa upande wako, ukampata, ukaogopa kumpoteza kwa kusema ukweli. Mzee mzima! Hata ukweli ungesema, ningekasirikia hata refa.

Watu walikuwa wananisubiri. Shema amesimama karibu na mgomba, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Nikasema, "Tumempa."

Vigelegele, usiniulize. Dumu likafunguliwa. Mzee wa viatu alikunywa kama yeye ndiye aliyeoa. Nilimwambia Gatera sharti moja tu, vijana uji wao ni kwangu, hilo halihamishwi. Akasema ndiyo mama.

Mechi ya kwanza nilikwenda. Asubuhi ile ukungu ulikuwa kama wa ndotoni, mpaka nikaogopa, nikabana sufuria. Ukafunguka polepole, nikaona miguu ina vijana juu yake, Shema mbele. Na Gatera amesimama kando ya kreti. Hakuikalia. Kipindi cha kwanza chote amesimama, mvua ikaanza, amesimama, maji yanamtiririka kwenye ile miguu yake. Nikamwendea.

"Kaa, wewe! Hiyo ni kreti, si kaburi."

Akanitazama. Akakaa. Ikalia krii, kama ilivyokuwa ikilia kwako. Nilikuwa nimejikaza nikingoja maumivu, yakaja, yakapita, mvua ikaendelea.

Walifungwa. Usicheke. Jioni Gatera akapita hapa na vijana, kichwa chini. Nami nilikuwa nimeweka mwiko chini kabla hata hajafika kwenye migomba. Nikasema, yule refa! Yule mwenye tumbo kama mtungi! Sufuria zikalia. Vijana wakacheka, na Gatera akala, akaongeza.

Juzi alfajiri ukanijia tena. Kilima kilekile. Lakini ukungu ulikuwa mwembamba, na wewe hukusimama. Ulikuwa umekaa kwenye majani, huna kazi, umenyoosha miguu kama siku zile za Karagwe tukichunga ng'ombe wa watu. Nikakuita mara moja tu. Ukageuka. Ulikuwa unacheka, mwongo mkubwa wewe, na makombo ya maandazi kwenye kidevu.

Basi ujue yalivyo. Timu nimempa Gatera, na kreti nimempa. Kikombe sikumpa. Tangu tukuzike nilikuwa nakijaza kila asubuhi, kisha naumwaga uji kwenye mgomba ule wa mlangoni, mpaka mgomba umenenepa. Siku hizi simwagi. Nakaa mlangoni nakinywea mimi, pale palipomeguka nageuzia kwangu, mahali ulipokuwa unaweka mdomo.

Uji una sukari. Ulikuwa nayo siku zote.

Lala salama, usiwe na wasiwasi na sisi. Wakifungwa, nipo.

Mimi, wa upande wako,
Mama Mutesi